Foleni ya Mtani

Pale Luanshya, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni kuelekea mgodini, palikuwa na duka la dawa la Zakeyo Jere, na kwa miaka mingi mfamasia wa duka hilo alikuwa Exildah Nkandu. Watu walimwita Bana Lubuto, kwa jina la bintiye. Jere alikuwa Mngoni wa upande wa Chipata, Exildah Mbemba wa Kasama, kwa hiyo walikuwa watani kabla hata hawajajuana. Asubuhi Exildah akiingia dukani, Jere humwuliza kama leo amekula nyani wa kuchoma au wa kuchemsha, maana Wabemba husemwa kula nyani kama Wangoni wanavyosemwa kula panya. Naye humjibu kwamba amesikia harufu ya panya tangu kona ya kinyozi, akajua tajiri kashafika. Wateja wanacheka. Hakuna anayekasirika, maana desturi yao ni kwamba mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, akimkamata kuku wako uani unamsindikiza kwa macho tu.

Jere hakusomea dawa. Alikuwa ameuza mahindi, akauza saruji, akauza vitenge, na dawa aliziingilia alipogundua kwamba mgonjwa habishani na bei. Lakini duka la dawa halifunguliwi bila mfamasia mwenye leseni, na ile iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo ilikuwa na jina la Exildah.

Ubaya wa Jere ulikuwa kununua kwa pupa. Akisikia kitu ni rahisi mahali fulani, atakibeba chote. Safari moja alileta dawa ya kikohozi ya watoto, maboksi yakajaa stoo hadi mlango ukagoma kufunga. Baridi ilikuwa imekwisha, watoto hawakohoi, dawa ikakaa mpaka ikapitwa na wakati wake. Exildah akayatenga maboksi yale, akayafunga kamba, akamwambia tajiri yakateketezwe. Jere akaitikia. Kisha Exildah akaenda Kasama kumzika shangazi yake, na huku nyuma Jere akaketi stoo na wembe, akakwangua tarehe za zamani, akabandika mpya, na kuirudisha dawa kwenye rafu.

Mtoto wa fundi cherehani mmoja aliinywa, akatapika mpaka akalazwa. Wakaguzi walipofika, Exildah alikuwa ndiyo kwanza amerudi, bado amenyoa nywele za msiba. Duka limejaa watu. Mkaguzi akauliza mwenye dhamana ni nani. Jere akanyoosha kidole kwenye kile kioo cha ukutani, halafu akakihamisha taratibu mpaka kwa Exildah.

"Mimi mchuuzi tu, wakubwa," alisema kwa unyenyekevu. "Dawa sizijui. Funguo za stoo anazo huyu mama. Nilimwamini."

Exildah alisema alichosema, lakini jina lililokuwa ukutani lilikuwa lake, na kwa wakaguzi hilo lilitosha. Leseni yake ikasimamishwa. Jioni ile alimfuata Jere nyumbani, akamkuta anakula nshima, ule ugali wa kwao, na kuku pamoja na mkewe, akamwuliza kwa nini. Jere hakukataa. Alinawa mikono bila haraka.

"Sasa ningefanyaje? Wangelifunga duka, wote tungekosa," alisema. "Wewe una elimu, utapata kazi kwingine. Kaa basi ule. Au umenuna? Mtani hakasirikiwi, Bana Lubuto."

Mkewe aliinamia sahani. Exildah alitoka, na toka siku ile hakumtania tena Mngoni yeyote.

Mji uliposikia kwamba tarehe zilikwanguliwa kwa wembe, ukampa jina jipya, Mama Wembe. Kanisani wanawake wa kikundi chake walijibana kwenye benchi ili pasiwe na nafasi. Lubuto alirudi kutoka shuleni akilia kwa sababu wenzake walikuwa wanajikwangua kucha kila akipita. Aliyelipenda jina lile kuliko wote ni muuza dagaa mmoja wa sokoni, Bana Chipasha. Alikuwa akilitamka kwa kulivuta, Mama Weeembe, na soko zima likamwiga.

Exildah akamwacha binti kwa mama yake, akaenda Kitwe. Huko alipata kazi kwenye bohari ya dawa za jumla, kazi ya kupokea na kupanga maboksi, ambayo haihitaji leseni. Na huko ndiko alikojifunza upya mambo aliyowahi kuyasoma chuoni, akayafanyia mtihani na kuyasahau. Kwamba dawa haiagizwi siku rafu inapobaki tupu, inaagizwa ikiwa bado ipo ya kuwatosha watu mpaka gari lifike. Kwamba ile itakayopitwa na wakati mapema ndiyo ikae mbele itoke kwanza. Kwamba kuna dawa zinazotoka kila saa, na kuna dawa anayoiulizia mtu mmoja tu kwa mwezi, lakini akiikosa huyo mmoja anakufa, na hizi mbili haziangaliwi kwa jicho moja. Kwamba ukiona foleni ndefu usimlaumu mteja, tafuta ni mkononi mwa nani kazi inakwama.

Chuoni aliyasoma kama mwanafunzi. Hapa aliyasoma kama mtu anayenoa panga. Kila alichofundishwa alikipeleka kimoyomoyo kwenye duka la Jere, akaona pale linapovuja. Mfamasia mpya wa kukodi yupo ukutani tu, kwa jina; Jere huyohuyo anapokea cheti, huyohuyo anapanda ngazi kutafuta dawa, huyohuyo anahesabu chenji, na katikati ya hayo anapiga soga na rafiki zake anaowahudumia kwanza. Jere anaagiza mambo yakishaharibika. Jere anaweka mzigo mpya mbele na wa zamani unazeekea nyuma. Wenzake wa bohari walimwona mama mpole asiyependa maneno mengi. Wahenga walionya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.

Leseni iliporudishwa, alikopa, akarudi Luanshya na kukodi jengo lililokuwa bucha, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wa Jere. Mwenye nyumba alimshauri kwa nia njema achukue chumba kingine karibu na hospitali, hakuna mshindani. Exildah alisema hapa panamfaa. Akapaka rangi nyeupe, akaandika juu ya mlango UBUMI, yaani uhai, akafungua.

Siku hiyohiyo Jere alivuka barabara na kicheko chake chote.

"Mtani! Umerudi kwenye miti yako!"

"Karibu, Ba Jere," Exildah alisema, kwa lile Ba la heshima badala ya neno la utani. "Namba zipo hapo mlangoni. Chukua moja, ukae kwenye benchi."

Jere alicheka tena, lakini kicheko kile hakikumfikisha upande wa pili wa barabara.

Duka la Exildah lilikwenda hivi. Msichana wa kwanza wa kaunta hupokea cheti na kukisoma. Kama mwandiko wa daktari una shaka, anauliza hapohapo, si mwishoni. Wa pili huchukua dawa, na zile zinazotoka sana zilikuwa karibu na mkono wake, bila ngazi wala kupekua. Wa tatu hupokea pesa. Exildah mwenyewe husimama mwisho, anakagua, anamweleza mgonjwa namna ya kutumia, anamtazama machoni mpaka aone ameelewa. Wagonjwa wa presha na wa sukari, ambao kila mwezi wanarudi, aliwagawia siku zao, wasije wote siku ya pensheni wakaangukiana mlangoni. Na kila boksi kwenye rafu lilipangwa tarehe ikitazama nje, maandishi makubwa, ili mteja aisome mwenyewe kabla hajalipa. Jambo hilo la tarehe hakulieleza kwa mtu, na halikuhitaji maelezo.

Mwanzoni wateja walikuja kwa kujifichaficha, kitenge kimevutwa hadi kwenye paji la uso. Kwa Jere wameambiwa waje kesho, na kesho wakaambiwa keshokutwa, wafanyeje? Wakaingia kwa Mama Wembe wakiwa na aibu, wakatoka na dawa kabla aibu haijaisha. Wakarudi. Wakaleta mama zao. Jere alipunguza bei, akaleta spika ikapiga muziki nje mchana kutwa, akagawa sabuni. Watu walikuja wakapokea sabuni, wakavuka.

Kila mteja aliyevuka, Exildah alimhisi kama tonge linaloshuka kooni. Lakini tonge halikumshibisha. Biashara ya Jere ilikuwa inapungua kama mtu anayekonda. Exildah alitaka kumwona akianguka.

Alijua kitu ambacho wateja hawakukijua. Jere mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari. Miaka yote ile alikuwa akijidunga insulini chumba cha nyuma, kwa chupa anazozitoa kwenye friji ya dukani kwake. Tena alijua Jere ananunua wapi, kwa sababu alikuwa amefanya kazi hukohuko. Basi akapiga simu bohari Kitwe, akaagiza insulini yote waliyokuwa nayo. Mkubwa wake wa zamani alishangaa, akamwuliza kama Luanshya kumezuka janga. Exildah akasema wagonjwa wameongezeka.

Alijua anachofanya. Yeye ndiye aliyewafundisha wasichana wake kwamba mzigo uliozidi mahitaji ni ugonjwa kama mzigo uliopungua. Sasa alinunua friji ya ziada na kuijaza mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti, na kila mgao wa umeme ulipoingia alisimama kuitazama taa ya betri ya sola roho mkononi. Msichana wa kaunta, Namfukwe, alimwuliza kwa upole tutawauzia akina nani zote hizi. Akamwambia asubiri.

Kwa Jere insulini ikaisha. Akaagiza, hakuna. Akawaambia wateja wake wachache waliobaki waje kesho.

Mmoja wa hao alikuwa Bana Chipasha, muuza dagaa. Alikuwa bado ananunua insulini yake kwa Jere, si kwa kumpenda, ila angevukaje? Yeye ndiye aliyelifanya soko lote liimbe Mama Wembe. Akaenda kesho, na kesho yake tena, mpaka asubuhi moja akaanguka juu ya mafungu yake ya dagaa, mdomo umemkauka, hajitambui. Wakambeba hospitali kwa toroli.

Exildah aliisikia habari hiyo kwenye foleni yake mwenyewe, watu wawili wakisimuliana. Alichemsha mayai, akaenda kumwona. Yule mama alikuwa amezinduka, uso umeingia ndani. Alimshika Exildah mkono akaung'ang'ania.

"Ningekuja kwako," alisema. "Najua unazo. Niliona haya, Bana Lubuto. Kwa yale niliyokuwa nasema."

Exildah alimwambia apumzike. Akamwekea mayai kando ya kitanda. Nje alikaa kwenye ukingo wa bomba ambapo watu hufua nguo za wagonjwa wao, akaangalia povu linavyokwenda na maji. Mtu angedhani hapo ndipo hasira itakapomtoka. Ilizidi. Sasa alimchukia Jere kwa kosa jingine juu ya yale ya zamani, kwamba kwa kumfuata yeye amefika mahali pa kumwangusha mtu ambaye hakumlenga. Aliamua insulini iliyozidi airudishe Kitwe, nyingine aipe hospitali. Akanyanyuka.

Alipofika dukani, Jere alikuwa ameketi kwenye benchi na namba mkononi.

Alikuwa amepungua. Kola ya shati imelegea, midomo ina magamba. Watu waliojaa walimtazama na kunong'onezana, maana tajiri wa dawa kwenda kununua dawa kwa jirani si jambo la kila siku. Alipomwona Exildah alijiinua.

"Mtani, nitazame basi. Sijisikii vizuri."

Exildah alimpima kwa macho kama anavyompima mgonjwa yeyote. Alikuwa hoi, lakini hakuwa wa kuanguka.

"Waliotangulia ni wachache. Keti, Ba Jere. Mimina maji hapo unywe."

Akaketi. Walihudumiwa mmoja mmoja, haraka kama kawaida. Exildah hakuchelewesha mtu wala hakumharakisha. Miongoni mwao alikuwa yule fundi cherehani ambaye mtoto wake alitapikishwa na ile dawa. Alikuwa amekwisha kupata chake, ila alibaki ameegemea mlango. Ilipoitwa namba ya Jere, Exildah alitoa chupa kwenye friji, akaikagua tarehe, akaishika.

"Ipo," alisema, na sauti yake ilitosha kufika mlangoni. "Lakini kabla hujaichukua, waambie hawa watu nani alishika wembe."

Namfukwe alimtazama bosi wake kama hamjui. Kumzuilia mgonjwa dawa mkononi, kwa neno! Hakuwahi kuliona hilo pale ndani. Exildah alikuwa anajua ni dhambi ya kazi yake, na hakuuondoa mkono.

Jere aliwatazama watu, akamtazama yeye. Kisha, taratibu, kile kicheko chake kikapanda usoni.

"Ni mimi!" alisema, akajipiga kifua. "Mimi Mngoni mla panya! Mama huyu kaenda msibani, mimi nikakaa stoo na wembe, nikakwangua, nikabandika, nikasema hawa watoto wa Kibemba wanakohoa kama nyani mtini, acha niwape chochote! Wangejuaje?"

Benchi zima liliangua kicheko. Mzee mmoja alifuta machozi akamjibu kwamba panya kweli hukwangua. Utani umekolea, watani wameonana. Na Exildah amesimama pale, ukweli wote umekwisha kusemwa mbele ya mashahidi, hatua kwa hatua kama ulivyotokea, na hakuna aliyeusikia.

Jere alinyoosha mkono kupokea. Exildah akampa chupa. Dawa ilikuwapo na mgonjwa alikuwa mbele yake. Sababu nyingine hakuwa nayo. Jere alilipa, akainama kidogo juu ya kaunta.

"Si nimesema?" alinong'ona, akatoka.

Usiombe kushindwa hivyo. Exildah aliendelea kuhudumia mpaka wa mwisho, kisha akaingia nyuma akauma kitambaa.

Ila katika wote waliokuwamo, fundi cherehani hakuwa amecheka. Alikwenda nyumbani na lile neno, msibani. Jere katika utani wake alikuwa amesema mama huyu alikuwa msibani, na fundi akakumbuka kichwa cha Exildah kilichonyolewa siku wakaguzi walipokuja. Akamweleza mkewe. Mkewe akawaeleza kisimani. Wale waliocheka nao, kila mmoja akiwa kwake, kicheko kikaanza kupoa, wakabaki na maneno yenyewe. Mtu hutania kwa kutukana ukoo, kwa kuiba kuku. Nani hutania kwa kueleza lebo zilivyobandikwa? Bana Chipasha alipotoka hospitali na kurudi kwenye meza yake ya dagaa, Jere alikuwa anapita, naye akamwita kwa kulivuta, Baba Weeembe. Soko likageuka kuangalia, na toka siku hiyo jina likahama.

Kabla mvua hazijaanza, duka la Jere likawa limefungwa. Mke wa Jere aliingia biashara ya mitumba. Exildah alisimama dirishani akatazama kibao kinavyoshushwa, kamba upande huu, kamba upande ule, na Jere chini akiwaelekeza watu wasikivunje, kana kwamba kuna mahali anakwenda kukitundika. Wengi husema kisasi kikifika mdomoni huwa kichungu. Chake kilikuwa kitamu. Mchana ule alikula nshima na kisamvu cha karanga, akaongeza.

Lakini sukari haifungwi pamoja na duka. Kila mwezi Jere alihitaji insulini, na pa kuipata palikuwa mahali pamoja tu. Exildah akampangia siku yake kama wengine. Alimpa siku ya pensheni, siku ambayo benchi hujaa na wengine husimama mpaka nje. Namfukwe alipendekeza mzee yule ahamishiwe siku ya nafasi, kama walivyowahamisha wazee wengine. Exildah alisema siku ile ndiyo yake.

Na dawa yake haikukosekana hata mara moja. Exildah alimwingiza kwenye hesabu ya kuagiza kabla ya mgonjwa mwingine yeyote. Ukaja mwaka malori yalipokwama mpakani na insulini ikatoweka mkoa mzima wa Copperbelt, watu wakawa wanasafiri na masanduku ya barafu hadi Lusaka kuitafuta. Exildah alipiga simu kila pembe, akaipata, akawatosheleza wagonjwa wake wote, na Jere akiwamo. Mjini walisema huyu mama ana moyo wa dhahabu, amemsamehe. Lubuto, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alimwuliza kama ni kweli.

"Nani kakwambia nimemsamehe?" alisema Exildah, akipanga maboksi, tarehe zikitazama nje. "Nataka aishi. Aishi sana. Akifa nani atakuja kukaa pale?"

Lubuto akachukua boksi lililofuata akampasia.

Basi siku ya pensheni Jere huja mapema, huchukua namba, huketi. Wageni wa mji hawamjui; humwona mzee mmoja mwenye koti pana. Zamani alijaribu kutupa neno la nyani, hakuna aliyelidaka, akaacha. Zamu yake ikifika Exildah humkagua miguu kama ina vidonda, humwuliza kama macho yanaona, humkumbusha asijidunge kisha akakaa bila kula. Huyafanya yote hayo kwa makini, bila kupunguza kitu.

"Ndiyo, Ba mfamasia," Jere husema.

Akishapewa dawa haondoki mara moja. Hurudi kwenye benchi, akakaa na mfuko wake magotini mpaka kivuli kimfikie. Wasichana wa kaunta wamekwisha kumzoea. Exildah naye hamfukuzi. Huita namba inayofuata, na kila baada ya muda humtupia jicho kuhakikisha bado yupo.